Ikapinduka, Kisha Ikawaje?

Ngalawa ya ndala huanzia kwenye ndala iliyokatika mkanda. Si lazima iwe ya mtu wa nyumbani. Fukwe za kisiwa cha Mafia zinazopigwa na bahari kuu hutupiwa ndala za kila saizi na kila rangi, na mtoto mwenye jicho huchagua. Nyembamba mno haifai, hupeperushwa kabla haijashika maji. Iliyolika kisigino nayo haifai, maana itakwenda imekalia tezi. Akipata ya kumridhisha huikata kwa wembe mpaka omo ichongoke, akapunguza ubavu huu na ule, na vipande vilivyobaki ndivyo vinavyokuwa matengo, vikafungwa kwa mirengu ya njukuti. Mlingoti ni kijiti kilichonyooka, foromali kijiti chembamba zaidi. Tanga zamani lilikuwa mfuko wa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Tanzania, Juni 1, 2019, tanga jema limekuwa la kutafutwa. Huyu atakata kiroba cha mchele, yule atavizia nailoni iliyofungia godoro jipya la jirani.

Mpaka hapo bado ni ndala iliyovaa nguo. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu chombo hiki hakina nahodha ndani, na kila ambalo nahodha angelifanya njiani lazima lifanywe kabla ya safari. Demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, ikikazwa mno, upepo utailaza ngalawa. Ikilegezwa mno, tanga litapigapiga bure na ngalawa itabaki inazunguka palepale. Usukani wa bati la kopo hupindwa kidogo tu, kwa kukadiria upepo wa saa ile. Wakati wa kusi hupindwa hivi, wakati wa kaskazi vingine. Mtoto wa miaka tisa anatazama makuti ya mnazi mrefu kuliko yote, anarekebisha, anatazama tena. Kisha anaiachia, wenzake wanaziachia zao, mashindano yanaanza, na wote wanakimbia ndani ya maji ya magoti kuzifuata.

Wakubwa kidogo huiacha ndala na kuhamia kwenye mti mwepesi kama msufi. Kwa watoto wa Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na kijiji cha Utende, shule ya uchongaji iko wazi ufukweni. Hapo mafundi hujenga majahazi na mashua kwa tezo, msumeno na keekee, pasipo mchoro wa karatasi. Vipimo viko machoni na mikononi mwa fundi. Mtoto anayepita pale huuona mkuku ukilazwa, mataruma yakisimama moja baada ya jingine, mbao zikipigwa kalafati. Vipande vinavyoanguka chini ya tezo havikai sana mchangani.

Lakini mimi sikukusudia kuandika juu ya vingalawa. Kinachonivuta ni kinachofuata baada ya mashindano, pale ngalawa zinapotolewa majini na kesi kuanza. Yangu ingewapita wote, ila demani ilinasa kwenye mrengu, ikageuka, upepo ukaipiga ubavuni, ikapinduka, na huyu hapa akaikanyaga kwa makusudi. Sikumkusudia, nilisukumwa. Ulisukumwa na nani? Katika maneno hayo machache mna mtu anayetaka kitu, mna kizuizi, mna sababu na matokeo, mna mshukiwa, na msikilizaji anataka kujua mwisho. Mtunzi wa riwaya hulipwa kwa kazi hiyo.

Kesho yake asubuhi mtoto huyohuyo yuko darasani. Ubaoni pameandikwa: andika insha kuhusu mwanasesere au chombo unachopenda kuchezea. Naye anaandika. Mimi nina ngalawa. Ngalawa yangu ni nzuri. Ngalawa yangu ina rangi ya bluu. Ninaipenda sana ngalawa yangu. Mwisho.

Kila aliyewahi kusahihisha madaftari ya shule ya msingi ameikuta insha hiyo. Haina kosa hata moja la kisarufi. Inapata alama nane kwa kumi, na mwandishi wake anajifunza kwamba kuandika ni kuweka sentensi fupi safi zisizosema kitu. Umbali kati ya kesi ya ufukweni na insha ile ya darasani ni usiku mmoja tu, lakini wapo watoto ambao huchukua maisha yao yote bila kuuvuka. Kuna walimu wanaojua kuwavusha. Ufundi wao hauonekani kwa haraka, na mara nyingi mkaguzi akipita atadhani mwalimu hafanyi kazi.

Mmoja wao anafundisha darasa la nne kisiwani Mafia. Si mtu wa kupenda kutajwa, kwa hiyo jina lake litabaki kwake. Nilikaa nyuma ya darasa lake, kwenye dawati la watu watatu lililokuwa na watu wanne, nikatazama anachofanya.

La kwanza alilofanya ni kumkataza mtoto asiandike juu ya kitu ambacho hakipo mbele yake. Vitu vyote vya kuchezea viliagizwa viletwe shuleni. Juu ya madawati kukawa na ngalawa, gari la makopo ya maziwa lenye magurudumu ya vizibo, mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba, midoli ya vitambaa, tiara iliyochanika, pia mbili za mti, na kitale kimoja cha nazi kilichochorwa macho kwa mkaa, ambacho mwenyewe alisema ni ng'ombe. Walimu wengi wangeanza kwa kuomba utulivu. Yeye aliwaacha wachezee. Kelele zilipofika mahali pake zikaanza kupungua zenyewe, kwa kuwa kila mmoja sasa alikuwa anakitazama cha mwenzake.

Kisha akapita baina ya madawati, akawa anainama na kuweka kidole mahali. Hakuuliza, unakipenda kwa nini? Swali hilo lina jibu moja, nalo ni neno nzuri. Aliuliza, "Hapa pamefanya nini?" Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya kiraka, juu ya uzi wa rangi tofauti, juu ya mahali palipoungua. Niligundua kwamba anatafuta jeraha. Hakuna kitu cha mtoto kilichochezewa kweli ambacho hakina jeraha, na kila jeraha lina siku yake, lina aliyekuwepo na aliyelia. Mtoto aliyekuwa hana la kusema juu ya mdoli wake mzuri huwa na mengi mno ya kusema juu ya mkono wa mdoli yule uliong'olewa na mbuzi.

Anapojibu, mwalimu husema maneno mawili tu: "Kisha ikawaje?" Halafu hunyamaza. Ukimya huo ndio ulionishangaza kuliko yote. Mtu mzima akimwuliza mtoto na mtoto akasita, mtu mzima huingilia kumsaidia: ikazama, eti? Na mtoto, kwa adabu, hukubali kwamba ilizama. Hadithi inakuwa ya mtu mzima. Mwalimu huyu anapouliza hutazama pembeni, dirishani, kana kwamba hana haraka na wala jibu halimhusu. Mtoto akigundua kwamba hapimwi, hurudi kwenye tukio lake mwenyewe na kuokota kinachofuata.

Kalamu bado haijaguswa. Kila mmoja kwanza humsimulia jirani yake wa dawati, na jirani anapewa wajibu wa kuuliza swali moja ambalo hadithi haikulijibu. Hii ni desturi yetu ya zamani, hata kama silabasi haiitaji: hadithi ya Kiswahili haijawahi kusimuliwa kwa ukuta. Msimulizi huita, msikilizaji huitikia njoo, na pasipo mwitikio huo hakuna kinachoanza. Kuandika peke yako kwenye daftari, ukimwandikia mtu asiyeonekana, ni jambo gumu na geni. Jirani wa dawati huondoa ugeni. Mtoto anapoanza kuandika tayari anajua ni nani anasubiri, na anajua swali lipi lilimshinda.

Ndipo wanaandika, na hapo ndipo mwalimu anapofanya jambo ambalo wenzake walimlaumu kwalo. Kalamu nyekundu anaifungia mezani. Katika rasimu ya kwanza hasahihishi kitu.

Sababu yake ni nzuri, na inaonekana wazi ukiyatazama madaftari. Mtoto wa pwani anaposimulia kwa mdomo anatembelea ka: nikaenda, nikaikuta, nikaivuta, kamba ikakatika, nikaanguka, wakanicheka. Viungo hivyo vinasukumana kimoja baada ya kingine bila nukta, na msikilizaji anakimbia navyo. Akikatazwa, akaambiwa aandike sentensi fupi zenye mtenda mwanzoni, mwendo unavunjika na tunarudi kwenye ngalawa yangu ni nzuri. Mwalimu huyu huuacha mkururo upite. Nukta zitatafutwa siku ya pili, kwa sauti: mtoto anasoma alichoandika, na pale anapovuta pumzi ndipo anapoweka alama. Nimesoma vitabu vya kufundishia uandishi vyenye sura nzima juu ya alama za uandishi ambavyo havikunifundisha hili.

Vivyo hivyo kwa msamiati. Mtoto wa Mafia anayeandika juu ya ngalawa anayo maneno ambayo mwalimu aliyeajiriwa kutoka bara huenda hajawahi kuyasikia: matengo, foromali, joshi, demani, kubisha. Nimeona kwingine daftari ambamo maneno kama hayo yamepigwa mstari mwekundu na juu yake pameandikwa kamba, mti, kitambaa. Ni hasara kubwa iliyofanywa kwa nia njema. Mwalimu wa darasa hili amezaliwa kisiwani, lakini hata yeye kuna mengine asiyoyajua, na akikutana na mojawapo humwita mwenye daftari aje mbele amchoree ubaoni. Siku hiyo mvulana mmoja mfupi alilazimika kulifafanulia darasa zima tofauti ya omo na gubeti, na akapingwa na wajukuu wawili wa fundi. Mabishano yakawa marefu. Mwalimu alikaa kwenye dawati kama mwanafunzi na kuandika.

Makosa ya tahajia hayapuuzwi. Anayakusanya kimyakimya kwenye karatasi yake, na kesho yake asubuhi maneno sita au saba yanakuwa ubaoni yameandikwa sawasawa, bila kusema yametoka kwa nani. Kila mmoja anajua lake.

Kuna hatua nyingine tena, na hapo hatari na uzuri vinakaa pamoja. Ukweli ukisha, anauliza: "Na yenyewe, ilikuwa inaona nini?" Yaani ngalawa. Yaani mdoli. Darasa hucheka kwanza, kwa kuwa ndala haioni. Halafu mmoja anaanza. Mwitalia Gianni Rodari, mwandishi wa watoto aliyepewa Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1970, alitoa mwaka 1973 kitabu kizima juu ya namna ya kubuni hadithi, Grammatica della fantasia, kilichotokana na vikao vyake na walimu wa mji wa Reggio Emilia. Alipenda sana maswali ya itakuwaje kama, akiamini kwamba ubuni una kanuni zinazoweza kufundishwa. Nadhani angelipenda swali hili la Mafia. Linamtoa mtoto ndani ya ngozi yake kwa sentensi moja. Aliyekuwa juu ya maji akiitazama ngalawa sasa yuko ndani yake, anaona miguu ya watoto ikija kama nguzo, anaona chini ya maji samaki wanaodhani tanga ni wingu. Na kwa kuwa msemaji ni ngalawa, mtoto anaweza kusema wazi ni nani hasa aliyeikanyaga.

Wasichana katika darasa hilo waliandika zaidi juu ya midoli, ingawa mmoja aliandika juu ya mpira wa matambara na aliandika vizuri kuliko wavulana wenye mipira. Mdoli wa nyumbani hutengenezwa kwa kipande cha kanga kuukuu kilichoviringwa, kikafungwa shingoni, na nywele za kumbi zilizochambuliwa. Hana sura. Hilo si kasoro. Mdoli asiye na sura hubadilika kila siku, leo bibi harusi, kesho mgonjwa, keshokutwa mama anayechuja tui kwenye kifuu. Ukimwambia mtoto aandike mdoli yule alisikia nini, ndipo unapotambua kwamba mdoli amekuwepo kila mahali. Amekuwepo jikoni watu wazima wakisemana. Amekuwepo kwenye begi baba alipopanda boti ya kwenda bara, Nyamisati, na hakurudi mwezi ule wala uliofuata.

Mwalimu analijua hili, na hapa ufundi wake unageuka kuwa hekima ya mtu mzima. Rasimu za midoli huzisoma peke yake kwanza. Daftari likiwa na siri ya nyumba, halirudishi mbele ya wengine, wala hamwiti mtoto kumhoji. Humwuliza tu kwa sauti ya chini kama hadithi hii ni ya kusomwa au ya kuwekwa. Mtoto husema, ya kuwekwa, na inawekwa. Kazi yake imekwisha kufanyika kwa kuandikwa. Mwalimu asiye na subira angeifanya hadithi hiyo iwe mfano kwa darasa, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na asingepata nyingine tena.

Vitu vya dukani vilikuwepo pia: magari ya plastiki yanayouzwa mjini Kilindoni, mdoli mmoja wa nywele za dhahabu aliyeletwa na shangazi kutoka Dar es Salaam. Sina ugomvi navyo, na mtoto anayevipenda anavipenda. Ila nilitazama kwa makini, na kwa muda mrefu wenye vitu vya dukani walikuwa wanatafuna kalamu. Gari limetoka kwenye pakiti likiwa kamili. Halina pa kuweka kidole. Gari moja tu la plastiki lilizaa hadithi, nalo lilikuwa limepoteza gurudumu, likawekewa kizibo cha soda, kwa hiyo likawa linapinda kushoto kila linaposukumwa. Mwenyewe aliandika kurasa mbili za safari ya gari lisiloweza kwenda kulia, jinsi dereva alivyolazimika kuzunguka kijiji kizima kwa kushoto ili afike nyumba ya jirani. Alipoisoma, darasa lilipiga kelele, na gari likaombwa kwa ajili ya maonyesho.

Na wasio na kitu? Katika kila darasa yupo aliyekuja mikono mitupu, kwa umaskini au kwa kusahau, au kwa kuwa kitu chake kilitupwa na mtu mzima aliyedhani ni takataka. Huyo aliambiwa aandike juu ya kilichopotea. Hadithi zake hazikuwa nyuma ya wenzake hata kidogo. Nyingine zilikuwa mbele, kwa sababu aliyepoteza hana pa kutazama isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu imekwisha kuchagua.

Vitu vya kuchezea vimezaa vitabu maarufu duniani, na vinavyojulikana zaidi havikuandikwa na watoto. Mwaka 1921 dubu wa kitambaa alinunuliwa London kwa ajili ya mtoto aliyeitwa Christopher Robin Milne. Mwaka 1926 baba yake, A. A. Milne, akatoa kitabu cha Winnie-the-Pooh, na dubu yule sasa yumo ndani ya kioo katika Maktaba ya Umma ya New York, anatazamwa na wageni. Christopher alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu zake, The Enchanted Places, zilizotoka 1974, na humo hakuficha uchungu wa kukua ndani ya hadithi ambayo mtu mwingine aliiandika kwa jina lake. Kitabu cha baba ni kizuri, sikatai. Lakini dubu alikuwa wa mtoto, na kalamu haikuwa yake. Ninapomwona mwalimu wa Mafia akitazama dirishani ili asije akamalizia sentensi ya mtoto, namkumbuka Christopher.

Mfano ulio karibu zaidi na ninachokisifu ni wa Célestin Freinet, mwalimu wa Kifaransa aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa ameumia pafu, asiweze kuzungumza mbele ya darasa siku nzima. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup, mwaka 1924, aliingiza darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto walileta maandishi yao ya hiari, wakachagua moja, wakalipanga herufi kwa herufi kwa mikono yao na kulichapa. Kitabu chao cha kusomea kikawa kile walichokiandika. Kwa Freinet, kuchapa kulimpa mtoto sababu ya kusahihisha: hakuna anayetaka jina lake litoke na kosa.

Mafia mashine hiyo ni sindano na uzi. Karatasi za katikati ya daftari zinakunjwa mara mbili, zinatobolewa mgongoni na kushonwa kwa uzi wa nyavu, jalada ni boksi la sabuni lililogeuzwa ndani nje. Hadithi iliyosahihishwa inanakiliwa humo kwa hati safi, na anayejua kuchora humchorea asiyejua. Vijitabu vinaning'inizwa kwenye kamba ukutani, vimebanwa kwa vibanio vya nguo. Wasomaji wake ni darasa la kwanza na la pili, wale ambao tangu mwaka 2015 mtaala wao umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanasoma kwa vidole, kwa kunong'ona, na wanavisoma mpaka vinachanika, kwa kuwa mwandishi wa kitabu yuko uwanjani na wanaweza kwenda kumwuliza.

Vitabu vya watoto kwa Kiswahili viko. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa kusudi la kuvikuza, na tangu hapo vimetoka vingi na vizuri. Hata hivyo mtoto wa Chole anaweza kupitia rafu nzima ya maktaba ya shule asikutane na ngalawa iliyochorwa sawasawa. Mchoraji wa mjini huipa tengo upande mmoja, au huifungia tanga ambalo lisingeifikisha popote. Watoto huona makosa hayo kabla hawajasoma neno la kwanza, na hupoteza imani na kitabu kizima. Kwenye kamba ya darasa la nne hakuna ngalawa ya aina hiyo. Haiwezi kupita, wakaguzi wake wana miaka kumi na wanajua.

Wapo watakaosema kwamba kuandika mambo yako mwenyewe si desturi ya visiwa hivi, kwamba sisi ni watu wa kusimulia. Mafia yenyewe inawapinga. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza Pat Caplan alifika kisiwani mwaka 1965 na kukaa katika kijiji cha kaskazini, na akaendelea kurudi kwa miongo mingi. Alimwomba mwanakijiji mmoja, ambaye katika maandishi anamwita Mohammed ili kumstiri, amwekee shajara ya maisha ya kijiji. Mohammed aliandika kwa Kiswahili chake, na sehemu za shajara hiyo, zikiwa zimetafsiriwa, zimo katika kitabu cha Caplan cha 1997, African Voices, African Lives. Mkulima wa kisiwani, kalamu mkononi, akiandika nani amezaa, nani amekufa, shetani gani amepandishwa na kwa ngoma ipi: msomi aliyekuja na shahada zake alikuja kujifunza kutoka kwenye daftari lile. Yote hayo yalitokea kwa kuwa mtu mmoja aliombwa aandike anachokijua, na akaachiwa aandike.

Mwalimu wa darasa la nne, anaporudisha rasimu, huandika chini yake swali moja tu. Hakuna vizuri sana, hakuna ongeza bidii. Swali moja, nalo lazima liwe ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Nilimwomba anionyeshe baadhi. Chini ya hadithi ya mdoli aliyeachwa mvuani: aliyekuwa karibu naye ni nani? Chini ya ile ya tiara: uzi ulikatika mkononi au juu? Chini ya hadithi ya ngalawa ya bluu iliyotoka na maji ya kupwa ikapita mwamba ikapotea, Mwisho, alikuwa ameandika: nani aliiokota?

Mwenye ngalawa, yuleyule mvulana mfupi wa omo na gubeti, alirudi na kurasa mbili zaidi. Iliokotwa na mvuvi wa kisiwa cha Jibondo, ambaye aliipenda, akampa mwanawe, na mwanawe akaipaka rangi nyekundu ili isitambulike. Ngalawa ikakaa Jibondo ikisononeka, ikawa inawaambia kasa habari zake. Darasa lilisikiliza kwa huruma kubwa isipokuwa msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye babu zake ni wa Jibondo. Alisimama na kusema kwamba watu wa Jibondo hawachukui chombo cha mtu, na kwamba mtoto wa kule hana haja ya ngalawa ya ndala kwa sababu baba yake ni fundi. Mvulana akasema hadithi ni yake. Msichana akasema ni uongo. Mwalimu akafungua kabati, akatoa daftari jipya, akampa msichana na kumwambia aandike upande wa Jibondo, na kwamba anataka ajue hasa ile rangi nyekundu ilitoka wapi.